Mwanamkuu na Shamba Lisilopaliliwa

Wifi yangu Mwanamkuu hakuwahi kuliacha gugu likae shambani kwake siku mbili. Sisemi hivi kwa kumsifu. Nimeolewa na mdogo wake, Twalibu, mwaka wa thelathini na moja sasa, na muda wote huo tumelima mpunga jirani, mpaka kwa mpaka. Akimaliza kupalilia kwake alikuwa akija kusimama mpakani, mikono kiunoni, akatazama kwangu. Hasemi kitu. Anatazama, kisha anaondoka zake. Mwanamke yeyote mwenye wifi anajua kutazamwa kule.

Kijiji chetu ni Kipanguni, kisiwa katika vile visiwa vya delta ambavyo ukimtajia mtu wa Kibiti mjini anakuuliza kama huko gari inafika. Haifiki. Unashuka Nyamisati, unapanda boti ya injini, unaingia mito midogo ambayo mgeni haoni tofauti kati ya mmoja na mwingine, na maji yakiwa yametoka unakaa kwenye tope mpaka yarudi. Ukifika, umefika. Wanaume wetu wanatega samaki na kamba na kukata nguzo, na sisi wanawake tulikuwa tunalima mpunga.

Shamba la Mwanamkuu lilianzwa na mama yake, Bi Habiba, ambaye baadaye akawa mama mkwe wangu. Zamani hizo ukitaka shamba uliingia kwenye mikoko, ukaichuna magome ikakauka imesimama, ukaichoma, ukapandikiza mpunga kwenye majivu. Mto ulikuja mwezi wa nne kuisafisha chumvi, na mpunga ulistawi. Mwanamkuu alipofika miaka tisa alipandishwa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, afukuze ndege na nyani. Hakushuka tena, kwa maana ya kwamba tangu hapo maisha yake yote yalikuwa shamba lile. Mume wa kwanza alikwenda Dar kuuza samaki, akaoa huko. Wa pili, mtu mwema, alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Binti yake mmoja ameolewa Mbwara. Shamba lilibaki, na Mwanamkuu alibaki nalo.

Jambo moja lilimkera miaka yote. Hakuna aliyeliita shamba lake. Baba yao alipokuwa hai liliitwa shamba la Mzee Mohamedi. Alipokufa likaitwa shamba la kina Twalibu, ingawa mume wangu hajui hata mpaka wake uko wapi, yeye na shamba wanajuana kwa ubwabwa tu. Watu walikuwa wakipita kwa mtumbwi na kusema, "Shamba la kina Twalibu mwaka huu limekaa vizuri," na Mwanamkuu yumo humo humo, tope mpaka magotini, anasikia.

Kisha chumvi ikaja. Ilianza taratibu, pembe ya chini kwanza, mpunga unageuka mwekundu na kunyauka kabla haujabeba. Tulisema mwaka ujao mto utaiondoa. Mwaka ujao ikapanda zaidi. Mafuriko ya mwaka 2024 yalitubebea hata masufuria, na yalipopungua tulitegemea angalau yameosha ardhi. Msimu uliofuata Mwanamkuu alivuna debe mbili mahali alipokuwa akivuna magunia kumi na nne. Alizipeta, akazipika siku hiyohiyo zote, akagawa kwa majirani. Alisema hataki kuziweka ndani azione.

Ndipo wakaja watu wa mpango wa hifadhi. Waliita mkutano wa kijiji, wakaeleza. Serikali inataka mikoko irudi. Mwenye shamba lililofyekwa ndani ya mikoko akikubali kuliacha, atalipwa kila mwaka kwa miaka mitano, kwa simu. Lakini halipwi kwa kuacha tu. Kila mwezi wa saba atakuja mkaguzi ahesabu miche hai. Ikitosha, jina la mwenye shamba linaingia kwenye daftari la kudumu na malipo yanaanza. Isipotosha, anapewa mwaka mmoja wa kujirekebisha. Ikishindikana mara ya pili shamba linafutwa, linarudi kuwa msitu wa serikali tu, na jina linafutwa pamoja nalo.

Mtendaji wa kijiji alifungua fomu na kuandika majina kwa haraka. Alipofika kwetu aliandika Twalibu Mohamedi mara mbili, mashamba mawili, bila kuinua kichwa. Mwanamkuu akasimama.

"Mtendaji, hilo la pili anayelilima nani?"

"Si la ukoo wenu, mama?"

"Ukoo haujawahi kuinama pale. Nimeinama mie."

Mtendaji akamwangalia mume wangu. Twalibu alikuwa anachezea kandambili yake. Ana aibu mbele ya watu, lakini si mtu mbaya. "La dada," alisema. "Andika dada." Mtendaji akakata jina, akaandika Mwanamkuu Mohamedi Ngwele kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino, alisema, ni wa watakaofaulu ukaguzi. Lile langu liliandikwa la Twalibu na wala sikufungua mdomo. Wakati ule sikuona kitu cha kusema.

Njiani kurudi nyumbani Mwanamkuu alinieleza mipango yake. Akilipwa atanunua eka moja kule Mahege, nchi kavu, apande mihogo na korosho. Lakini fedha aliitaja kwa kupita. Alichokirudia mara tatu ni daftari. "Wino, wifi. Waandike kwa wino."

Mwezi wa kumi na moja tulipewa miche ya mkoko tuipande. Mimi nilipanda ya kwangu kama nilivyoambiwa, nikaenda nyumbani. Yeye alipanda mia nne kwa mstari, kwa kamba, nafasi sawasawa kama anapandikiza mpunga. Watu walikwenda kutazama. Nilimwambia amepanda msitu au ametandika mkeka. Akafurahi, akadhani namsifu.

Hapa lazima nieleze utani wa kwetu, kwa sababu balaa lote lilianzia hapo. Kipanguni mtu akiliacha shamba lake lichafuke, wenzake wanang'oa fungu la magugu, wanalifunga kwa ukindu, na alfajiri linakutwa limetundikwa mlangoni kwake. Hakuna anayesema ni nani. Aliyetundikiwa anakwenda shambani siku hiyohiyo hata akiwa na homa, maana kijiji kizima kimeshajua. Mimi nimetundikiwa mara tatu, na mkono uliofunga fundo lile naujua. Mwanamkuu hakuwahi kutundikiwa hata mara moja.

Mwezi wa tatu na wa nne mbegu za mchu ziliangukia majini, zikasambazwa na maji kila mahali. Mchu ni ndugu wa mkoko, nao unapenda maeneo ya juu kidogo kama yetu. Zikaota mashamba yote. Kwa mtu aliyelima mpunga kule, mche wa mchu ni gugu, na gugu sugu kuliko yote. Tumeung'oa tangu utotoni.

Mwezi wa tano nilipita na mtumbwi nikaliona shamba la wifi yangu. Mistari yake ya mkoko haionekani tena, mchu umeifunika. Nilicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Mara tatu, nikasema, mara tatu alinitundikia. Nikashuka, nikang'oa fungu zuri, nikalifunga vizuri kwa ukindu, na alfajiri ya kesho yake lilikuwa mlangoni kwake.

Alikwenda shambani siku hiyohiyo. Alipalilia siku kumi na moja mfululizo, kila maji yakitoka yeye anaingia. Alipomaliza hapakuwa na jani moja isipokuwa ile mistari yake ya mkoko, ambayo tayari ilikuwa inakauka, kwa sababu tuliambiwa tuupande mahali ambapo si pake. Sikumwambia kitu. Niliona utani umekwisha, tumelipana.

Mwezi wa saba akaja mkaguzi, kijana wa wilayani anayeitwa Ashrafu, mwenye buti refu na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Alianza kwangu. Alitandaza kamba ya mraba, mita tano kila upande, akahesabu miche hai ndani yake, akahamisha kamba, akahesabu tena. Kiwango kilikuwa wastani wa miche ishirini kwa kila mraba. Kwangu alipata thelathini na sita. Aliniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimefanya bidii. Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku ya kupanda.

Akaingia kwa Mwanamkuu. Wifi alikuwa amevaa khanga mpya, kama mtu anayekwenda kumwoza binti. Mraba wa kwanza, miche miwili. Wa pili, mmoja. Wa tatu, hakuna. Ashrafu alizunguka shamba zima na lilikuwa safi mpaka lilikuwa linang'aa tope.

"Mama, hapa pamekuwaje?" aliuliza kwa upole. "Kwa jirani yako umeota mchu kila mahali."

"Kwangu nao uliota," Mwanamkuu alisema. "Niling'oa wote. Hakuna hata mmoja utakaouona."

Kijana alikunja kamba yake. "Mama, hiyo uliyoing'oa ndiyo niliyokuja kuihesabu."

Nilimwona wifi yangu akigeuka kulitazama shamba, kutoka pembe hii mpaka ile, na sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka namna ile. Ashrafu alimweleza kwamba ana mwaka mmoja, kwamba mbegu zitakuja tena mwezi wa tatu zenyewe, kwamba kazi yake ni kutofanya kazi. Alirudia mara mbili: usiguse kitu. Mwanamkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama na thelathini na sita yangu, naona haya mpaka masikio yanawaka.

Jioni ile alikuja nyumbani akaniletea jembe lake dogo la kupalilia, lile la mpini mfupi. "Nitunzie," alisema. "Nikija kuliomba usinipe. Hata nikikutukana."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa askari wa wifi yangu kwa mwaka mzima. Miezi ya kwanza haikuwa vibaya. Alisuka mikeka, akaiuza Nyamisati, akawa anashinda kwa mwanaye Mbwara wiki nzima ili awe mbali. Lakini mtu aliyezoea kuinama mgongo wake haujui kukaa. Alifagia uwanja wake, akafagia wangu, akafagia wa msikiti mpaka imamu akamwambia mama, waachie na wengine thawabu. Alikonda. Alisema analala vibaya kwa sababu shamba linachafuka na yeye yupo.

Mwezi wa nne, mbegu zilipokuwa zimeshaota, alikuja asubuhi na mapema, nimeinamia jiko, nakaanga vitumbua.

"Wifi, naomba jembe."

"Sikupi."

"Nikatoe majani tu. Mchu sigusi, naujua mchu."

"Sikupi, Mwanamkuu."

Akanitukana. Sitaandika alichosema, ila alianzia kwa mama yangu na kufika mpaka kwenye vitumbua. Nilivumilia. Kisha akasema, sauti imeshuka, "Wee huwezi kuelewa. Mtu alikuja mlangoni kwangu akanitundikia magugu, mie, Mwanamkuu. Mwaka huu watanitundikia tena, na safari hii watakuwa na haki."

Niliacha mwiko kwenye mafuta. Nilikuwa nimelibeba jambo lile miezi kumi na moja na lilikuwa linanila. "Nilikutundikia mie," nilisema. "Kwa kulipiza. Sikujua kama mchu unahesabiwa. Lakini nilikutundikia mie, na ulipoanza kung'oa nilikuona na sikukuzuia."

Alisimama pale mpaka vitumbua vikaungua, kisha akaondoka. Hakunisalimia kwa siku tisa. Kwa watu wanaochota maji kisima kimoja, siku tisa ni nyingi sana. Nililia, naweza kusema. Twalibu aliniuliza nina nini nikamwambia moshi.

Siku ya kumi alikuja, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. "Zile mara tatu nilikutundikia mie," alisema.

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Fundo lako. Unafunga kama unamfunga mbuzi."

Akacheka, kidogo, kwa pua. Kisha akasema twende tukalione, maana peke yake hajiamini. Tulikwenda na mtumbwi, mimi napiga kafi. Mchu ulikuwa umeota shamba zima, kimo cha kifundo cha mguu, majani mawili mawili manene, na chini yake kaa wadogo wanakimbia huku na huku. Pembeni kwenye kijito tuliona vikamba vichanga vingi mno, maji yanachemka navyo. Mwanamkuu alitaka kushuka. Nikamwambia shuka, lakini mikono nyuma. Akashuka kweli, akafunga mikono nyuma, akatembea katikati ya shamba lake kama mgeni. Mara moja aliinama, mkono ukamtoka mgongoni wenyewe, ukaenda kwenye shina. Nikamwita jina lake. Akaurudisha.

Mwezi wa saba Ashrafu alirudi. Safari hii Mwanamkuu hakuvaa khanga mpya wala hakusogea. Alikaa ndani ya mtumbwi, macho kwenye kamba ya mkaguzi, na mimi nilikaa naye nimemshika mkono. Mraba wa kwanza ulikuwa pembe ya chini, karibu na kijito, ambako kaa walikuwa wamekata miche mingi. Minne. Nilisikia vidole vyake vikikaza. Wa pili, kumi na moja. Wa tatu, kumi na saba. Ashrafu alikuwa anaandika tu kwenye simu. Alipoanza kupanda sehemu ya juu, hesabu zikabadilika. Thelathini. Arobaini na mbili. Thelathini na nane. Mraba wa mwisho alihesabu mara mbili, maana miche ilikuwa imebanana: hamsini na moja.

Alikuja mpaka kwenye mtumbwi, tope limemfika mapajani. "Wastani ishirini na saba na ushei, mama. Umefaulu."

Mwanamkuu hakupiga vigelegele. Alimuuliza kama ana uhakika, naye akamwonyesha simu, ambayo wifi haisomi lakini aliitazama kwa muda mrefu. Kisha Ashrafu akamwambia ameona jambo moja. Kuna mmea unaotambaa, umeanza kuinyonga miche ya upande wa juu. Ule si mkoko wala si mchu. Ule unaruhusiwa kutolewa.

"Unaniruhusu kupalilia?" Mwanamkuu aliuliza.

"Huo tu, mama. Huo utambaao."

"Huo tu," alisema, na uso wake ulivyofunguka nilijua kwamba jioni hiyohiyo nitadaiwa jembe. Nilimpa kwa mikono miwili.

Mwezi wa tisa uliitwa mkutano wa kijiji kusoma daftari la kudumu, la waliofaulu mwaka huo na mwaka uliotangulia. Mwenyekiti wetu, Mzee Ismaily, alifungua kwa dua ndefu. Mtendaji akasimama na daftari lenye jalada gumu, akaanza kusoma namba ya shamba na jina la mwenyewe, moja moja. Watu walikuwa wanazungumza, watoto wanapita. Akafika namba kumi na nane.

"Mwanamkuu Mohamedi Ngwele."

Akataka kuendelea. Wifi yangu akasimama. "Mtendaji, naomba lisomwe tena."

"Kuna kosa, mama?"

"Hakuna. Nataka kulisikia."

Mtendaji alimtazama, akalitazama daftari, na nadhani alikumbuka siku ya kalamu ya risasi, kwa sababu alisoma taratibu, kwa sauti ya kufika nje. "Shamba namba kumi na nane. Mwenye shamba, Mwanamkuu Mohamedi Ngwele." Wifi akasema ahsante, akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Fedha ziliingia kwenye simu yake wiki mbili baadaye, na kule Mahege sasa ana eka yake ambayo hakuna gugu linalothubutu kuota humo. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile.

Baada ya jina lake mtendaji alisoma namba kumi na tisa, Twalibu Mohamedi. Hilo ni lile nililolipandikiza na kulivuna mimi tangu nilipoletwa Kipanguni bibi harusi. Akasoma namba ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Kisha nikanyoosha mkono. Nikamwambia mtendaji kwamba namba kumi na tisa ina jina la mtu asiyeujua hata mpaka wake, na kwamba mwenye shamba anaitwa Mwajabu Salumu Kitambulio.

Mkutano mzima ukamgeukia Twalibu. Aliinama, akazungusha kandambili yake kwa kidole cha mguu, akacheka peke yake.

"Kweli," alisema. "Mpaka siujui."

Mtendaji akafungua tena daftari kwenye ukurasa ule, akaniuliza Kitambulio naandikaje.